Tulishangilia Rais wa Somalia, Halafu Iweje?

Wasee, kila uchaguzi Kenya ukiisha, swali la kwanza mtandaoni ni lile lile: Marekani imesema nini? Waangalizi wa Ulaya je? Museveni ametuma hongera ama bado? Ni kama matokeo hayajaiva mpaka mgeni ayaonje.

Leo tugeuze kioo. Kuna uchaguzi wa nchi nyingine ambao wageni tulikuwa sisi, watu wa Meru, na tuliufuata kama fainali ya kombe. Sizungumzii Obama, hiyo kila mtu anaijua. Nazungumzia Mogadishu, 15 Mei 2022.

Kwanza uelewe kwa nini mkulima wa Igembe alijali. Miraa haingoji mtu. Ikichumwa asubuhi kule Kangeta au Laare, inafungwa kwa majani ya mgomba, inapakiwa kwa gari na dereva anakanyaga mafuta kupitia Chuka na Embu mpaka Nairobi, kwa sababu siku mbili hivi zikipita utamu umeisha na bei imeisha. Soko la Uingereza lilifungwa 24 Juni 2014, serikali ya huko ilipoipiga marufuku. Kuanzia hapo mnunuzi mkubwa wa nje akabaki mmoja: Somalia. Hesabu iliyokuwa ikitajwa na wafanyabiashara ni karibu tani 50 kwa siku. Hiyo ni karo, ni mabati, ni harusi, ni bodaboda za vijana wa Maua.

Halafu Machi 2020 Somalia ikafunga anga. Sababu iliyotolewa ilikuwa korona. Lakini ndege za abiria zilirudi, miraa haikurudi. Huku nyuma Nairobi na Mogadishu walikuwa wanazozana kuhusu mpaka wa baharini na kuhusu Jubaland. Desemba 2020 serikali ya Rais Mohamed Abdullahi Mohamed, yule wanamwita Farmaajo, ikavunja kabisa uhusiano na Kenya. Ulirudishwa Mei 2021, lakini miraa ikabaki nje. Miaka miwili mkulima anaangalia miti yake ikiwa na majani na mfuko hauna kitu.

Kwa hivyo uchaguzi wa Somalia ulipofika, Meru haikuwa inatazama demokrasia. Ilikuwa inatazama kama Farmaajo ataenda nyumbani.

Na alienda. Wapiga kura walikuwa wabunge 328 tu, ndani ya banda la ndege pale uwanja wa ndege wa Mogadishu, wakilindwa na askari wa Umoja wa Afrika. Mwananchi wa kawaida wa Somalia hakupiga kura. Raundi ya tatu, Hassan Sheikh Mohamud akapata 214, Farmaajo 110. Farmaajo akakubali kushindwa hapo hapo. Wafanyabiashara wa miraa huku wakapokea habari kwa furaha kubwa.

Sasa ngoja. Ni wangapi kati yetu waliuliza kama ule uchaguzi ulikuwa wa haki? Ni nani Maua aliuliza wale wabunge wenyewe walichaguliwa vipi, au mama muuza chai wa Mogadishu alimtaka nani? Hakuna. Tulitaka soko, soko likaonekana linakuja, tukasema hongera.

Na kuna kitu kingine tulisahau haraka. Hassan Sheikh alishawahi kuwa rais, 2012 hadi 2017. Septemba 2016, yeye akiwa madarakani, Somalia ilisimamisha miraa yetu kwa karibu wiki moja. Wengi waliunganisha hatua hiyo na maneno ya Peter Munya, gavana wa Meru wakati huo, aliyekuwa ameunga mkono Somaliland itambuliwe kama nchi. Yaani rafiki yetu wa 2022 ndiye yule aliyetufungia mlango 2016. Hakubadilika roho. Yeye ni rais wa Somalia, si mwenyekiti wa ushirika wa Igembe.

9 Juni 2022 akaapishwa, Uhuru Kenyatta akahudhuria, mazungumzo yakafanyika: Kenya itapeleka miraa, Somalia italeta samaki. Julai ndege zikaruka. Munya, sasa akiwa Waziri wa Kilimo, alikuwa upande wa Azimio. Wiki chache baadaye, 9 Agosti, Wakenya wakapiga kura. Ungefikiri Meru itamlipa Uhuru kwa kumchagua mtu wake, Raila. Meru ikampa Ruto kura nyingi sana.

Hapo ndipo napenda historia. Kura ya Mogadishu tuliisoma kwa tumbo peke yake. Kura yetu wenyewe tuliisoma kwa mambo mengi: bei ya unga, hasira, ahadi, chama, nani anatudharau. Kura ya kwako ina vyumba vingi. Ya jirani unaichungulia kwa dirisha moja.

Sasa rudi kwa wale wageni wanaotuchungulia sisi. Agosti 2017 waangalizi wa nje walikuja na majina makubwa: John Kerry wa kituo cha Carter, Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Jumuiya ya Madola. Taarifa zao za mwanzo zilisifu upigaji kura. Wengine walionya kwamba hesabu haijaisha, lakini tulichosikia ni sifa. Hongera zikamfikia Uhuru kutoka nchi mbalimbali. 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ikafuta matokeo ya urais, mara ya kwanza Afrika. Majaji wanne dhidi ya wawili. Shida ilikuwa kwenye kupitisha na kujumlisha matokeo, mahali mgeni aliyesimama kwenye foleni ya shule ya msingi hawezi kuona.

Simaanishi Kerry alitumwa na mtu. Namaanisha mgeni ana dirisha lake. Mmoja anataka amani ya bandari, mwingine barabara ya mafuta, mwingine mshirika wa vita. Meru tulitaka ndege iruke. Akikupongeza, usimchukie, usimwabudu pia. Uliza tu: huyu anauza nini kwetu, au ananunua nini?

Na watu wa Embu, msicheke. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Mbeere walikimbilia mahakama. Nassir alichaguliwa 2022 na watu wa Mombasa, na hakuna mkulima wa Kiritiri aliyekuwa kwenye debe hilo. Wazazi wa Mombasa walikuwa na hofu ya watoto wao, na ni hofu ya kweli. Mbeere walikuwa na karo ya watoto wao.

Agosti 2027 tunapiga kura tena. Fomu 34A itabandikwa mlangoni pa kila kituo, kuanzia Maua hadi Runyenjes. Mgeni hataisoma ya kijiji chenu. Wewe unaweza: piga picha, linganisha na ile ya mtandaoni ya tume. Na mtu akianza kukuuliza Marekani imesema nini, mwonyeshe simu, umwambie kwanza tuangalie kituo chetu kimesema nini.