Lugha ya Hadhari katika Kitabu cha Boma la Musoma

Katika zama za utawala wa Waingereza, boma la Musoma, kama maboma mengine ya Tanganyika, lilikuwa na kitabu chake cha wilaya, ambamo mabwana shauri, mmoja akimrithi mwenziwe, waliandika nasaba za koo, mila na habari za watawala. Na aghalabu waliandika kwa Kiingereza cha hadhari, kisichosema kwamba watu hawa wametokana na wale, bali kwamba yaelekea wana uhusiano nao.

Hadhari hiyo ilikuwa na asili njema katika elimu, kama kisa cha malale kinavyoonesha. Malale yalipowaangamiza watu wa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, kando ya ziwa lilelile linalopakana na Musoma, tabibu Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Lakini kuandamana kwa mambo mawili si ithibati kwamba moja limelizaa jingine. Ilimpasa tabibu mwingine, David Bruce, mwaka 1903 huko Entebbe, aoneshe kwamba kima walioumwa na mbung'o huambukizwa, na kwamba makazi ya mbung'o yalingana na maeneo ya maradhi, ndipo ilipojuzu kuitaja sababu yenyewe.

Nasaba za watu hazina majaribio ya namna hiyo. Wazee wa Ikizu, katika nchi ya Bunda, husimulia kwamba utemi wao uliasisiwa na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukumani, akamshinda Isamongo mwindaji kwa elimu yake ya mvua. Kwa kuwa cheo cha utemi kilitumika Usukumani pia, ni haki kusema kwamba tawala hizo zaelekea kuhusiana. Kupita hapo ni kubahatisha.

Walakini hadhari haikugawanywa kwa insafu. Wazanaki wa nchi ya Musoma, kabla ya kuja Wajerumani, hawakuwa na watemi wa kuwatawala. Mambo yao yalikuwa mikononi mwa wazee, marika na waganga wa mvua, na utemi ambao Nyerere Burito, baba yake Julius Nyerere, alishika Butiama mwaka 1915 ulikuwa ni zao la dola ya kigeni. Hata hivyo sheria ya 1926, iliyoweka utawala kwa kupitia wenyeji, iliwapa watemi wa namna hiyo mamlaka kana kwamba wamerithi desturi ya kale. Shaka ikaachwa katika asili ya koo, ambako haikumdhuru mtawala, ikaondolewa katika asili ya madaraka, ambako ingemlazimu ajieleze.

Kwa hiyo anayevisoma vitabu vile leo asiyadharau maneno ya hadhari yaliyomo, kwani ni adabu ya elimu. Lakini ayasome kwa makini zaidi mahali ambapo hadhari hiyo haikutumika, achunguze ni nani aliyepata nafuu kwa yakini iliyoandikwa bila dalili.