Baba wa Mtoto na Kliniki ya Wajawazito Tanzania

Kabla ya hospitali kuenea, uzazi katika vijiji vya Tanzania ulisimamiwa na wanawake. Mkunga, mama mzazi, shangazi na mama mkwe ndio walioingia chumbani. Mume alikaa nje. Kukaa nje hakukuwa kukaa bure, hata hivyo. Mume ndiye aliyetafuta chakula ambacho mjamzito alikitamani, kiwe cha msimu au si cha msimu, na ndiye aliyemlipa mganga wa dawa za mimba. Mahali pengi mke alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na mume akalazimika kupeleka unga, nguo na fedha kwa wakwe. Huko pwani uzazi ulianza kuhesabiwa siku ya posa: pamoja na kilemba cha baba, upande wa bwana harusi ulimpa mama wa binti mkaja na ubeleko, kwa heshima ya tumbo lililofungwa baada ya kuzaa na mgongo uliombeba mtoto.

Mzigo mzito zaidi wa mume ulikuwa miiko. Jamii nyingi za Tanzania ziliamini kwamba mzazi anayetoka nje ya ndoa wakati wa mimba au wa kunyonyesha humbemenda mtoto, yaani humfanya adhoofike na kukonda. Wagiriama wa pwani ya Kenya walikuwa na imani ya jinsi hiyo juu ya chirwa, na Waluo juu ya chira. Imani hizo zilikuwa na uonevu wake. Uchungu ulipokawia, mwanamke ndiye aliyebanwa kwanza aungame kwamba alitoka nje ya ndoa, wakati mwili wake hauna nguvu hata ya kujibu. Lakini ziliufunga pia mwenendo wa baba na uhai wa mtoto, jambo ambalo mabango ya afya yangekuja kulihubiri miaka mingi baadaye kwa maneno mengine.

Desturi hazikuwa za namna moja. Uchagani mume alichinja ili mzazi ale nyama na kunywa mlaso, na mzazi akalishwa ndani kwa wiki nyingi bila kugusa jembe. Kusini, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera wanaofuata ukoo wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya dada yake na watoto wa dada yake, na mume angeweza kuwa mtu wa pembeni katika maamuzi ambayo kwingineko yalikuwa yake. Kwa hiyo picha ya baba wa Kiafrika aliyeamua kila kitu, au asiyejali lolote, haifai kwa nchi nzima.

Utaratibu huo uliyumba kwanza kwa sababu ya kazi, kabla hospitali haijaingilia. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji vibarua wengi, na wanaume wakatoka Kigoma, Songea na hata Burundi kwenda kukata mkonge kwa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU, na walioletwa nayo waliitwa manamba. Manamba aliweza kuacha mimba changa nyumbani akarudi mtoto anatembea. Wajibu wake wa kutafuta chakula na kushika miiko uligeuka kuwa fedha za kutumwa, zikifika. Maamuzi ya dharura yalibaki kwa wazee wa ukoo.

Wamisionari, na baadaye serikali ya Waingereza, walianzisha huduma za uzazi wakiwalenga akina mama. Hofu yao kubwa ilikuwa vifo vya watoto wachanga, na dawa waliyoiona ni kumfundisha mama usafi, ulishaji na malezi. Muuguzi alikuwa mwanamke, mkufunzi mwanamke, mwanafunzi mwanamke. Baba hakufukuzwa na mtu. Hakupangiwa tu mahali. Wodi ndefu yenye vitanda vilivyopangwa safu moja ilitosha kumzuia mwanamume yeyote kuingia, kwa kuwa wanawake wengine walikuwa wamelala wazi humo.

Uhuru haukuibadilisha ramani hiyo, bali uliisambaza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na katikati ya miaka ya 1970 ikaanzisha mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, wenye wahudumu wa kike waliofunzwa kwa kazi hiyo. Yalikuwa mafanikio makubwa kwa nchi maskini. Kliniki ikawa desturi mpya: kadi, mizani, chanjo ya pepopunda, benchi refu tangu alfajiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 98 ya wanawake waliozaa walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito angalau mara moja. Ni kaida chache za kisasa zilizopokewa kwa ukamilifu huo. Mwanamume aliyeonekana kwenye benchi lile, hata hivyo, alichekwa, na wenzake kijiweni wakasema ametawaliwa na mkewe.

Wataalamu walianza kumtafuta baba walipochunguza kwa nini wajawazito wanakufa. Mkutano wa Uzazi Salama uliofanyika Nairobi Februari 1987 ulilileta suala hilo mbele ya serikali za dunia. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kufika kituoni, na wa kupata huduma baada ya kufika. Aina mbili za kwanza huanzia nyumbani, kwa anayeshika fedha na anayejua wapi pa kupata gari usiku. Mwaka huohuo mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo uliweka wajibu wa wanaume katika afya ya uzazi ndani ya mpango wake wa utekelezaji, na nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikapanua huduma ya mama na mtoto kuwa ya afya ya uzazi na mtoto.

Makaratasi ya Cairo peke yake yasingemfikisha baba kliniki. Kilichomfikisha ni VVU. Mwaka 2000 Tanzania ilianza kwa majaribio, katika hospitali chache kubwa, huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tatizo lilionekana upesi: mjamzito alipimwa peke yake, akapewa majibu peke yake, kisha akarudi nyumbani kumweleza mume ambaye hakuwepo. Wengine walinyamaza na kuficha dawa. Wengine walipigwa au kuachwa, kana kwamba aliyepimwa kwanza ndiye aliyeleta ugonjwa. Kumpima mwenza siku ileile kukaonekana kuwa kinga ya mama kama ilivyokuwa kinga ya mtoto. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji, na picha ya mume na mke wakipima pamoja ikaenea nchini.

Vituo vikabuni njia za kuwaita wanaume. Kulikuwa na barua za mwaliko, zilizojaribiwa rasmi Mbeya, ambazo mjamzito alimpelekea mumewe. Kulikuwa na ahadi kwamba waliokuja wawili watahudumiwa kwanza. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilituma bure ujumbe wa simu kwa wajawazito na kwa wenza wao: tarehe za kliniki, dalili za hatari, kuweka akiba ya nauli na vifaa vya kujifungulia. Njia hii ya mwisho ilistahili sifa zaidi kuliko ilizopata, kwa sababu ilimkuta baba alipo badala ya kumdai aje.

Mwaliko uligeuka amri katika baadhi ya vituo. Aliyekuja bila mwenza aliambiwa arudi nyumbani, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mume au mume amesafiri. Walioumia ni walewale waliohitaji kliniki zaidi: msichana aliyekataliwa na aliyempa mimba, mjane, mke wa mvuvi aliye kambini. Wengine walichelewa kuanza kliniki, na wengine walikuja na mwanamume wa kuazima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwashirikisha wanaume wakati wa mimba, kujifungua na baada ya hapo, kwa sharti kwamba uamuzi, uhuru na usalama wa mwanamke uheshimiwe. Sharti hilo ndilo lililokuwa limekosekana.

Jirani Rwanda ilijaribu njia tofauti. Mpango wa Bandebereho uliwakusanya wanaume wanaotarajia watoto au wenye watoto wadogo, vijijini kwao, kwa vikao visivyozidi 15, baadhi yake wake zao wakiwepo, kuzungumzia mimba, fedha, kazi za nyumbani na ugomvi. Jaribio lililohusisha wenzi 1,199, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, lilionyesha kwamba wake wa walioshiriki walipigwa kwa nadra zaidi kuliko wengine, na waume wao waliwasindikiza kliniki mara nyingi zaidi.

Leba imebaki ngumu zaidi kwa baba kuingia. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, vituo kadhaa viliruhusu mjamzito kuwa na msindikizaji wakati wa kujifungua, na wengi walichagua mama, dada au mama mkwe. Kwa wengine hilo lilikuwa chaguo lao halisi. Mahali palipokosa pazia kati ya vitanda, baba asingeruhusiwa hata angeombwa.

Sheria ya ajira nayo imemtambua baba kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi angalau siku tatu za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ilitoa wiki mbili. Zote mbili ni za mtoto aliyezaliwa, si za wakati wa mimba, na zote ni za walioajiriwa. Mkulima, fundi na dereva wa bodaboda hawana likizo ya kuomba, nazo kliniki nyingi hufunguliwa asubuhi, siku za kazi.