Soya katika Kanda ya Ziwa: aina, mavuno na ubora wa mbegu

Soya (Glycine max) ni zao la jamii ya mikunde. Punje yake hubeba protini ya asilimia 36 hadi 42 na mafuta ya asilimia 18 hadi 22, kiwango ambacho maharage na choroko hazikifikii. Katika Wilaya ya Nyamagana, kitovu cha jiji la Mwanza, soya inajulikana sokoni kuliko shambani: wauza nafaka huipima kwa kilo kwa ajili ya uji wa lishe, na wenye mashine husaga kwa magunia kulisha kuku na samaki wa vizimba. Sehemu kubwa ya soya ya Tanzania hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa mikoa ya Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya. Mkulima wa Buhongwa, Misungwi au Sengerema anayetaka kuilima hukutana na tatizo moja kabla hajashika jembe: aina nyingi anazoambiwa ni bora zilichaguliwa kwenye baridi ya milimani, mbali na ziwa.

Zao hili liliingizwa nchini na Wajerumani mwaka 1907, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kwa miongo mingi halikutoka mbali na vituo na mashamba makubwa. Aina ya Bossier, yenye asili ya Marekani, iliidhinishwa Tanzania mwaka 1978 na kutawala mashamba kwa muda mrefu; Uyole Soya 1 ikafuata mwaka 2004 kutoka kituo cha Uyole, Mbeya. Msukumo wa karibuni umetokana na biashara: mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na bei ikaanza kuzungumzwa hata mikoa ambayo haikuwa na desturi ya kuilima.

Urefu wa mchana na joto

Soya huhesabu usiku. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, mmea huacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Aina zilizozaliwa Illinois, Marekani, huota katika mchana wa saa 15 za kiangazi na husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Zikipandwa Mwanza, nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, huona usiku wa saa 12 tangu siku ya kwanza, zikachanua ndani ya mwezi mmoja zikiwa hazijafika hata gotini. Mche wa namna hiyo una maganda machache, tena yako karibu na ardhi kiasi kwamba hutapakaa tope mvua ikipiga.

Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima jijini Mwanza ni kama dakika 18 tu. Mbeya inakaribia saa moja. Kwa hiyo mkulima wa ziwa hana msimu wa siku ndefu wa kumsaidia, na lazima msaada utoke kwenye mbegu yenyewe. Brazil ilikumbana na kikwazo hicho hicho ilipotaka kupeleka soya kwenye nyika za kaskazini, na wataalamu wake wakatafuta vinasaba vinavyorefusha utoto wa mmea ili ujenge shina na majani kwanza hata kama usiku ni mrefu. Bila kazi hiyo, soya ya Brazil ingebaki kusini mwa nchi. Taasisi ya IITA, yenye makao Ibadan, Nigeria, ilifanya kazi ya jinsi hiyo kwa Afrika, na aina zake zinazoanza na herufi TGx ndizo zenye damu inayofaa zaidi ukanda wa ikweta.

Joto nalo lina hesabu yake. Uyole iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Aina iliyozoea baridi ya Uyole ikishushwa ziwani hukomaa mapema kuliko inavyoandikwa kwenye mfuko, na siku zilizopungua ni siku za kutengeneza majani na kujaza punje. Mavuno hushuka hata kama shamba limetunzwa vizuri. Ndiyo maana takwimu ya tani kwa hekta iliyochapishwa kwenye kipeperushi isomwe pamoja na jina la mahali ilipopimwa; ikikosa jina hilo, haimsaidii mkulima kuamua chochote.

Udongo na vinundu

Mawe makubwa yanayoipamba Nyamagana, likiwemo la Bismarck linalochungulia majini, ni matale, na udongo wa mwambao huu ni mtoto wake. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alieleza miaka ya 1930 namna udongo wa Afrika Mashariki unavyopangika kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na jina kwa kila hatua ya mfuatano huo muda mrefu kabla: luseni, mchanga mwepesi wa miteremko ya juu, itogoro, wenye tabaka gumu chini yake, ibambasi, unaokauka kama sakafu, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni.

Soya haitendewi sawa katika hatua hizo. Luseni hulimika kirahisi na huruhusu mizizi kushuka, lakini ni maskini wa nitrojeni na fosforasi, na maji hayakai. Itogoro hufanya ukoko mvua ya kwanza ikifuatwa na jua kali. Mche wa soya huinua nusu mbili za punje kichwani unapochomoza, na ukoko huo huvunja shingo yake ukiwa bado chini. Mkulima huona mapengo shambani akadhani mbegu ilikuwa mbovu, kumbe iliota ikafia njiani. Mbuga ina rutuba, ila maji yakituama mizizi hukosa hewa na vinundu vyake huzimika.

Vinundu ndiyo roho ya zao hili. Ndani yake hukaa bakteria wa jamii ya Bradyrhizobium wanaotwaa nitrojeni hewani na kuupa mmea. Ng'oa mche ulio kwenye maua, osha mizizi, kata kinundu kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani ni mzigo tu. Soya za Marekani huchagua sana bakteria, na wanaozifaa hawapo katika udongo wetu mpaka wapelekwe kwa chanjo inayopakwa kwenye mbegu wakati wa kupanda. Aina za TGx zilifugwa makusudi ili zikubali hata bakteria wenyeji. Hata hivyo kukubali si kutosheka: penye udongo mchovu, chanjo pamoja na mbolea ya fosforasi huonekana kwa macho, kuanzia rangi ya jani hadi uzito wa gunia. Chanjo ni viumbe hai, hivyo ikikaa juani kwenye baiskeli njia nzima kutoka mjini hadi shambani, mkulima anapaka unga uliokufa.

Vinundu hugusa ubora pia. Mmea uliokosa nitrojeni hutoa punje zenye protini pungufu, na mnunuzi wa chakula cha kuku analipia protini hiyo hata kama hana kifaa cha kuipima. Kituo cha Ukiriguru, kilichoko Misungwi, kusini mwa jiji, kilipata sifa kwa utafiti wa pamba. Majaribio yake marefu ya samadi yalionyesha kwamba katika mchanga wa Usukuma samadi ya zizi huendelea kufaidisha shamba misimu kadhaa baada ya kuwekwa. Majaribio hayo yalifanywa kwa pamba, lakini mwenye ng'ombe na nia ya kulima soya hana sababu ya kuyapuuza.

Mvua mbili na ugonjwa wa kutu

Mwanza hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, za vuli kuanzia Oktoba au Novemba, na za masika Machi hadi Mei, katikati pakiwa na upungufu wa Januari na Februari usiotabirika. Soya huvumilia ukame ikiwa changa. Ikianza kujaza maganda haivumilii: wiki mbili za jua hapo hutoa punje ndogo zenye mikunjo, na nyingine hubaki na ukijani kwa sababu mmea umekufa kabla rangi haijatoka. Punje ya kijani husagwa vizuri tu, lakini haifai kuwa mbegu.

Mvua nyingi nazo huleta kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu Phakopsora pachyrhizi. Hutokea kama madoa ya kahawia chini ya jani, majani hupukutika kuanzia chini, na maganda hubaki yakining'inia kwenye shina tupu. Ulienea Uganda mwaka 1996 na kuangusha aina zilizokuwa zikilimwa huko, ikiwemo Nam 1. Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako Profesa Phinehas Tukamuhabwa na wenzake walitoa Maksoy 1N mwaka 2004, kutokana na mstari wa IITA uitwao TGx 1835-10E. Nyingine za ukoo wa Maksoy zikafuata. Kuvu hii hutaka jani lililolowa kwa saa kadhaa na joto la wastani, na usiku wa mwambao wenye umande unavitoa vyote viwili bila mvua kunyesha. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, mkulima wa Nyamagana ana mengi zaidi ya kujifunza Kampala kuliko Mbeya, kwa sababu hali ya hewa ya pwani ya kaskazini ya ziwa ndiyo inayofanana na yake.

Mbegu

Soya ni miongoni mwa nafaka na mikunde ambayo mbegu yake hufa haraka kuliko zote. Mafuta yake huchacha, ganda la nje ni jembamba mno, na kiini cha mzizi kimekaa pembeni ya punje bila kinga. Mahindi yaliyotunzwa kawaida yataota mwaka unaofuata. Soya iliyowekwa kwenye gunia chini ya paa la bati karibu na ziwa inaweza kupoteza nusu ya uotaji wake kabla msimu haujarudi.

Uharibifu huanza shambani. Maganda yaliyokomaa yakinyeshewa, kisha yakapigwa jua, kisha yakanyeshewa tena, punje huvimba na kusinyaa mpaka ganda la nje linachanika. Kuvu huingia hapo. Mojawapo huacha doa la zambarau juu ya punje. Kunguni wa maganda hufyonza punje changa na kuacha alama ndogo ambayo macho huipita, ila kitalu cha kupimia uotaji huikamata. Kupura ni hatari nyingine: fimbo ikipigwa kwenye soya iliyokauka kupita kiasi hupasua punje nusu mbili, au huumiza mzizi ndani huku nje ikionekana nzima. Wanaojali mbegu hupura asubuhi, juu ya turubai, maganda yakiwa na unyevu kidogo.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya kupanda soya ya mbegu huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuvuna. Inayopandwa mwishoni mwa Oktoba, ikiwa ya siku 95 hadi 100, hukauka ndani ya upungufu wa mwanzo wa mwaka; mwenye bahati hupata punje safi, asiye na bahati hupata punje zilizokunjamana. Inayopandwa Februari hujaza maganda katikati ya masika, kutu ikiwa kali, lakini huvunwa Juni jua likiwa limetulia. Kila njia ina gharama yake. Kinachosahaulika ni faida ya kuwa na mvua mbili: mbegu iliyopandwa Oktoba ikavunwa mwanzo wa mwaka inaweza kurudi shambani Februari ndani ya wiki chache, ilhali mkulima wa Songea mwenye msimu mmoja hulazimika kuilinda tangu kuvuna hadi Desemba. Mwanza inashindwa na Songea kwa baridi ya ghala, lakini inaishinda kwa ufupi wa kusubiri.

Unyevu wa punje inayohifadhiwa usizidi asilimia 12. Asiye na kipimo hutumia chumvi: chupa kavu, kiganja cha chumvi iliyokaushwa vizuri, punje kiasi, kisha hutikiswa na kuachwa kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, soya bado ni mbichi. Kanuni wanayoitumia wahifadhi wa mbegu ni kwamba kupunguza unyevu kwa asilimia 1 huongeza uhai wa mbegu takriban mara mbili, na kushusha joto kwa nyuzi 5 hufanya vivyo hivyo. Mfuko usiopitisha hewa husaidia ikiwa punje ni kavu. Ikiwa mbichi, huozesha.

Kabla ya kupanda, punje 100 hufukiwa kwenye mchanga wenye unyevu. Zikichomoza 80 au zaidi kwa siku saba, hupandwa kwa kipimo cha kawaida. Zikiwa 60, mbegu huongezwa kwenye mstari. Chini ya 50, ni heri zikaangwe na kusagwa, maana soya mbichi ina kizuizi cha umeng'enyaji wa protini kinachoondolewa kwa moto.

Majaribio na uthibiti

Aina mpya haiidhinishwi Tanzania kwa kufaulu shamba moja. Hupimwa vituo na misimu tofauti, na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, husimamia upimaji na ukaguzi wa mashamba ya mbegu. Uamuzi ukiegemea wastani wa vituo vyote, kanda yenye vituo vichache vya soya hupunjwa: aina inayoongoza kusini hupita, na ile ambayo ingeng'ara ziwani huachwa kwa sababu ilikuwa ya tatu kwenye jumla.

Kampuni za mbegu nazo hazikimbilii soya. Mkulima anaweza kurudia mbegu yake, tofauti na mahindi chotara, na kusafirisha mzigo unaokufa haraka kutoka Mbeya hadi Mwanza ni kamari. Pengo hilo huzibwa na mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliofundishwa na kusajiliwa, shamba likikaguliwa, na kuuzwa kwa majirani karibu na zilikokuzwa. Kwa soya ya ziwani mpango huu una mantiki kuliko kwa zao jingine lolote: mbegu haisafiri mbali, haikai ghalani muda mrefu, na anayeinunua aliiona ikiwa bado shambani.