Malaria Katika Unguja na Pemba

Somo letu la leo ni historia ya malaria katika Unguja na Pemba. Mwenye kalamu na aishike, aandike miaka nitakayoitaja.

Zamani watu wengi walidhani kwamba homa hii huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Basi adui akajulikana: ni mbu jike, aumaye usiku.

Sasa twende Pemba, wakati wa mavuno ya karafuu. Mwenye homa hawezi kupanda mkarafuu. Karafuu zikichelewa kuchumwa, matumba hufunguka na thamani yake hupungua. Kwa hiyo homa ya mtu mmoja ni hasara ya nyumba yake, na homa ya watu wengi ni hasara ya nchi nzima.

Mwaka 1958 ilianza kazi kubwa visiwani kwa msaada wa Shirika la Afya la Dunia. Nyumba zilinyunyizwa dawa ya DDT ukutani. Kwa nini ukutani? Kwa sababu mbu akisha kunywa damu huwa mzito, akatua ukutani kupumzika. Akigusa dawa, hufa.

Kazi ilizaa matunda. Mwaka 1968, katika kila watu 100 waliopimwa, wenye vijidudu hawakufika 10. Watu wakaona vita vimekwisha, na kazi ikasimamishwa. Lakini mbu hawakusimama. Ilipofika mwaka 1973, katika Pemba kiasi cha nusu ya waliopimwa walikuwa na vijidudu tena. Kazi ya miaka 10 iliharibika kwa miaka 5.

Ikabidi kuanza upya. Mwaka 2003 ililetwa dawa mseto, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeshindwa. Mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa viligawiwa, na kuta zikanyunyizwa tena. Malaria ikashuka sana.

Ndugu zangu, mkulima hapalilii shamba mara moja tu. Akiliacha kwa kuwa leo ni safi, magugu hurudi. Malaria nayo ni hivyo hivyo: ikipungua, ndipo tusiache.

Jadilianeni darasani: kuendelea kunyunyiza dawa ni gharama. Je, kuacha hakuna gharama? Nani hulipa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.