Picha za Jamaa katika Historia ya Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya mji wa Dar es Salaam imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na hati za watawala. Habari za Sultani Majid bin Said, aliyeanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, zapatikana vitabuni. Hali kadhalika habari za Wajerumani, waliohamishia hapo makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na za Waingereza waliokuja baada yao. Lakini mwenye kutaka kujua jinsi watu walivyoishi katika nyumba za Kinondoni, Magomeni au Temeke, walivaa nini siku ya Idi, na nani alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, hati hizo humwacha njiani. Kinachobaki ni masimulizi ya wazee, pamoja na picha zilizowekwa katika kasha, katika mkebe wa biskuti au ukutani. Kwa muda mrefu picha hizo zimehesabiwa kuwa pambo la chumba. Yafaa zihesabiwe kuwa hati za historia. Lakini ni hati za namna ya peke yake, kwa kuwa nusu yake imo katika karatasi, na nusu yake imo katika kinywa cha yule awezaye kuwataja waliomo.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, wala haukuchelewa kufika pwani ya Afrika Mashariki. Charles Guillain, mwanamaji wa Kifaransa aliyepita katika pwani hii kati ya 1846 na 1848, alichukua chombo cha kupigia picha, na baadhi ya sura zilizopatikana zilichorwa upya zikachapwa pamoja na kitabu cha safari yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wagoa walifungua studio Unguja, na jina la A. C. Gomes likajulikana sana. Wakati wa Wajerumani, Walther Dobbertin aliifanya kazi hiyo Dar es Salaam na katika safari za bara.

Picha nyingi za zama hizo zimo leo katika hazina za Ulaya na Marekani. Mkusanyo wa chama cha ukoloni cha Wajerumani, uliomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, una picha zipatazo 55,000 za makoloni yao yote. Na mkusanyo wa Winterton, uliomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Faida ya mikusanyo hiyo kwa mwanahistoria ni kubwa. Hata hivyo, asomaye maelezo yaliyoandikwa pamoja na picha atakuta mara nyingi kabila, kazi au mahali: askari, mchukuzi, mwanamke wa Kiswahili. Jina la mtu halimo. Aliyesimama mbele ya kamera alitakiwa awe mfano wa aina fulani ya watu. Kwamba alikuwa mama wa fulani au ndugu wa fulani halikuwa jambo la kuandikwa.

Katika jambo hili lugha yenyewe yatoa fundisho. Kitenzi cha kupiga kina matumizi mengi katika Kiswahili: pasi hupigwa, chapa hupigwa, na simu hupigwa. Katika picha kitenzi hiki kina matumizi yanayostahili kuangaliwa. Mwenye kamera husema, "Nimepiga picha," na aliyekaa mbele ya kamera naye husema vivyo hivyo. Watu wa nyumba moja wakitoka studio wakasema, "Tumepiga picha," hawana maana kwamba wao ndio walioshika chombo. Wana maana kwamba walipatana siku, wakavaa, wakakaa kwa mpango walioutaka, wakalipa, na sura zao zikatoka. Kauli ya kutendwa, yaani kupigwa picha, ipo pia, nayo aghalabu hutumika pale ambapo mpigwaji hakuwa na habari au hakuulizwa. Basi yaweza kusemwa kwamba wengi waliomo katika mikusanyo ya kikoloni walipigwa picha, na waliomo katika mikebe ya Temeke walipiga picha. Tofauti hii ya kauli ni tofauti ya historia pia.

Studio zilizowafungulia mlango wenyeji wa miji zilienea pwani nzima katika karne ya 20. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942; na Omar Said Bakor akafungua yake Lamu mwaka 1962. Dar es Salaam nayo ilikuwa na studio zake, kwanza katikati ya mji, kisha karibu zaidi na watu, kadiri mji ulivyopanuka. Maana baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilipima viwanja na kujenga nyumba katika sehemu kama Ilala, Magomeni na Temeke, na watu wakazidi kumiminika. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilipata watu 128,742 katika mji mzima; ile ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa. Vitongoji vilivyokuwa pembeni wakati ule leo viko ndani kabisa ya mji.

Uchunguzi wa J. A. K. Leslie, uliofanywa mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1963, waeleza mengi juu ya maisha ya vitongoji hivyo, khasa juu ya nyumba, upangaji wa vyumba, kazi na makabila. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma, iliwakalisha pamoja watu wa asili mbalimbali. Lakini uchunguzi, hata ukiwa mzuri namna gani, huhesabu. Picha iliyopigwa na wapangaji wa nyumba moja, Mzaramo na Mmanyema na Mnyamwezi, watoto wao wamewekwa mbele, yaonyesha jambo ambalo hesabu haiwezi kulionyesha, yaani kwamba watu hao walitaka kuonekana pamoja.

Huenda mtu akauliza kama picha ya studio ni ushahidi wa kweli. Koti huenda ni la kuazima. Saa iliyo mkononi huenda ni ya mwenye studio. Nyuma kuna pazia lililochorwa, na mambo yaliyomo katika pazia hilo hayamo katika maisha ya mwenye picha. Shaka hiyo ina msingi, wala haifai kupuuzwa. Lakini ukweli wa hati hautegemei jambo moja. Koti la kuazima si ushahidi wa mali. Ni ushahidi wa heshima aliyoitaka mtu, na wa jirani aliyekubali kumwazima. Mwanahistoria asipojua kwamba koti ni la kuazima atakosea. Akilijua, atapata habari mbili badala ya moja. Na habari hiyo haiandikwi katika picha. Huelezwa na shangazi, naye huieleza akicheka. Kwa sababu hiyo uhalisi wa picha ya jamaa hautokani na kukosa kupambwa. Unatokana na kujulikana: nani yumo, nani aliipiga, lini, wapi, na kwa ajili ya nini.

Wataalamu wa lugha wana haki yao pia katika picha hizi. Nyuma ya nyingi kuna maandishi: neno la ukumbusho, jina la mpelekewa, tarehe, salamu kwa walioko mbali. Maandishi hayo ni Kiswahili cha watu ambao hawakuandika vitabu wala magazeti, nayo yaonyesha namna walivyoendelezana maneno na kuheshimiana kwa majina ya udugu. Tena, mzee akiwekewa picha mbele yake, maneno yaliyolala huamka. Ataeleza kisutu na kaniki, kanzu na tarbushi, namna buibui lilivyofungwa zamani, na majina ya mitindo ya nywele ambayo kijana hajapata kuyasikia. Orodha ya maswali haiwezi kuyatoa maneno hayo kwa wepesi kama huo.

Kwamba hazina ya jamaa yaweza kuigeuza historia ya taifa, mfano upo. Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1949, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliandika maisha yake katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe na kutolewa mwaka 1973. Mohamed Said naye, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, alitumia hati zilizohifadhiwa na ukoo huo kueleza siku za kabla ya kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na kuwataja watu wa mji ambao historia nyingine zilikuwa zimewapita. Watu wanaweza kuhitilafiana juu ya hukumu za kitabu hicho; lakini mabishano yenyewe yamewezekana kwa kuwa kuna nyumba moja ambayo haikutupa karatasi zake.

Nyumba nyingi hazikupata bahati hiyo. Mnamo Desemba 2011 mvua, zilizosemwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, zilifurisha bonde la Msimbazi. Watu wapatao 40 walifariki, na jamaa nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, upande wa kaskazini wa Kinondoni. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 2009, ghala ya silaha ya Mbagala katika wilaya ya Temeke ililipuka, ikaua watu zaidi ya 20 na kuharibu nyumba kwa maelfu. Katika misiba ya namna hiyo huhesabiwa roho, kisha mapaa, vitanda na magodoro, na ndivyo ipasavyo. Picha hazihesabiwi. Lakini godoro laweza kununuliwa tena. Picha ya pekee ya baba aliyefariki, nayo mara nyingi ni ile ndogo ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya kazi, haina duka.

Uharibifu mwingine huja polepole bila kutangazwa. Joto na unyevu wa pwani huikwamisha picha katika kioo cha fremu. Mchwa hula kasha. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo sura yake imejengwa kwa madini ya fedha, zikisafishwa vizuri hudumu kuliko nyingi za rangi zilizofuata, maana rangi hizo hufifia hata gizani. Ndiyo sababu katika nyumba nyingine harusi ya bibi yaonekana wazi, na harusi ya mjukuu imekwisha kuwa wekundu mtupu. Picha za simu za siku hizi ni nyingi kupita kiasi, nazo hupotea zote kwa pamoja simu ikiibwa au ikiharibika, kama hazikuwekwa mahali pa pili.

Dawa ya mambo haya si ghali. Picha yafaa iandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino: majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na jina la aliyeeleza. Iliyolowa maji ya mafuriko isiachwe ikauke ikiwa imegandamana na nyingine. Isafishwe taratibu kwa maji safi, ilazwe kivulini uso ukiwa juu. Nakala ya simu ni nzuri, na bora zaidi ni simu hiyohiyo kurekodi sauti ya mzee akizitaja picha moja moja. Kazi hii ya pili ndiyo yenye haraka. Karatasi yaweza kungoja miaka 20 katika mkebe mkavu; aliyezaliwa kabla ya vitongoji kupimwa hawezi kungoja hivyo.

Pamoja na hayo, kuhifadhi si kutangaza. Wako Waislamu wa mji ambao hawapendi picha ukutani, na ziko picha ambazo wanawake walipiga kwa ajili ya macho ya mume, ya dada au ya shoga tu. Kuzitoa nje kwa jina la elimu ni kuvunja stara, na ni kuwarudisha wenyewe katika hali ya kupigwa picha, ilhali wao walipiga. Chuo au makumbusho yatakayo kukusanya yapaswa kuomba ruhusa, kurudisha asili kwa wenyewe, na kukubali kwamba nyingine zitaandikwa majina na kuachwa palepale kashani.

Mtaani, mtu akifariki, hutafutwa picha yake ili ikuzwe, na mara nyingi hukatwa kutoka katika picha ya watu wengi. Mwenye kuikata humhifadhi mmoja, na bila kukusudia huwapoteza waliosimama pamoja naye. Kabla ya mkasi kupita, ni vyema mzee aliyebaki aulizwe majina yao, nayo yaandikwe.