Kutafuta Asili ya Ukoo Katika Vitabu na Katika Vinywa vya Wazee



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalomhusu kila mtu aliyezaliwa na mama, nalo ni asili ya ukoo. Mtu akiulizwa jina la baba yake hujibu upesi. Akiulizwa jina la babu yake hujibu vile vile. Akiulizwa jina la baba wa babu yake huanza kufikiri. Na akiulizwa jina la mama wa bibi yake, aghalabu hunyamaza kabisa. Wala si kwamba watu hao hawakuwako. Walikuwako, wakalima, wakazaa, wakafa. Lakini hapana aliyetuachia habari zao, au habari ziko mahali nasi hatujui mahali penyewe.

Katika chuo chetu cha ualimu tuna desturi ya kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika majina ya wazee wao, upande wa baba na upande wa mama. Mwanafunzi mmoja wa Tunduma alituletea karatasi iliyojaa vizuri upande mmoja, na upande wa pili ikakoma katikati. Tulipomwuliza sababu alisema, “Mwalimu, nilipofika kwa bibi yake babu, babu alinikataza. Alisema, ‘Huyo alitulea, yatosha, usiulize alikotoka.’” Tutarudi kwa mzee huyo baadaye. Kwanza yafaa tuone wenzetu wa nchi nyingine hufanyaje, kisha tuone sisi tuna nini.

Katika vijiji vya Uingereza kuna watu wa kawaida, wakulima na maseremala, waujuao ukoo wao kwa miaka mia tatu au mia nne. Si kwamba wana kumbukumbu kuliko sisi. Mwaka 1538, zamani za Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iwe na kitabu, na kila juma kasisi aandike ndani yake waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Kitabu kiliwekwa katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee wa kanisa, ili mtu asikifungue peke yake. Serikali yenyewe haikuanza kuandikisha vizazi na vifo vya watu wote mpaka mwaka 1837. Basi kwa muda wa miaka mia tatu, kumbukumbu ya mtu mnyonge wa Uingereza ilikuwa kitabu cha kanisa la kijijini kwake, na pamoja nacho daftari za baraza la bwana mwenye ardhi, ambamo ziliandikwa kesi na faini.

Sasa tutazame nchi yetu, yaani Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba, ambazo tangu mwaka 2016 zimo katika Mkoa wa Songwe. Wako wasemao kwamba sisi hatuna vitabu. Maneno hayo si kweli. Vitabu tunavyo, ila ni vya juzi, na vimetawanyika.

Wamisioni wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, wakafungua Utengule mwaka 1895, na mwaka 1899 wakafika Mbozi kwa Wanyiha. Huko Mbozi alikaa Traugott Bachmann hata vita vya kwanza vya dunia vilipomwondoa mwaka 1916. Alijifunza Kinyiha na kufasiri Maandiko katika lugha hiyo. Upande wa pili wa mpaka, Waskoti wa misioni ya Livingstonia walianza kazi Mwenzo, kwa Wanyamwanga, mwaka 1895. Kila misioni ilikuwa na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha maziko. Kwa hiyo mtu wa Tunduma aliyebatizwa mwaka 1910 huenda jina lake liko upande huu, au huenda liko Mwenzo, kwa kadiri ya mahali alipokuwa akilima mwaka ule.

Maana lazima tukumbuke mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uligawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili walipita wakiuweka mpaka juu ya ardhi. Wanyamwanga wakajikuta wengine Tunduma, wengine Nakonde. Kaka huku, dada kule. Mstari ulikata nchi, haukukata ukoo. Lakini ulikata daftari. Habari za ndugu wa tumbo moja sasa zimo katika nyaraka za Dar es Salaam na za Lusaka. Na za misioni zimo Herrnhut huko Ujerumani na Edinburgh huko Uskoti. Atafutaye ukoo wa Tunduma akiishia upande mmoja ni kama asomaye barua iliyopasuliwa katikati.

Baada ya kanisa, ilikuja serikali. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na Waingereza waliofuata wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Karani aliandika jina la mwenye nyumba na kijiji chake. Halafu, utawala wa kupitia machifu ulipowekwa katika miaka ya 1920, mabaraza ya kienyeji yalikuwa na daftari za kesi. Wanafunzi, msizidharau kesi! Kesi ya mahari hutaja mume, mke, baba wa mke, na mara nyingi mjomba, tena hutaja ng'ombe waliotolewa. Kesi ya shamba hutaja nani alilima kwanza na nani alimrithi. Ugomvi wa wazee wetu umekuwa faida kwetu. Tena mabwana shauri walikuwa na kitabu cha wilaya, wakiandika humo habari za makabila na nasaba za machifu. Hivyo vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Lakini ni lazima msomaji awe mwangalifu, maana chifu akiulizwa nasaba yake hakukosa kuutaja ukoo wake kuwa wa kwanza, na wa jirani kuwa wa wageni.

Sasa twapenda kuwaonya juu ya mitego mitatu ambayo humpoteza mtafutaji.

Mtego wa kwanza ni tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia kwa sikio la kwao. Wanyiha katika vitabu vyao waitwa Wanyika. Na Wanyamwanga katika vitabu vya Waskoti waitwa Wainamwanga. Herufi l na r zilibadilishana mahali. Kwa mfano, yuko mwalimu mmoja wa Kinyiha, ambaye habari za maisha yake zilichapishwa London mwaka 1932. Katika kitabu kile jina lake ni Msaturwa Mwachitete. Wataalamu wa baadaye waliandika Msatulwa. Mtu ni yule yule. Ikiwa jina lenu lina l, tafuteni na penye r pia.

Mtego wa pili ni jina la mwanamke. Wanyamwanga wajua wenyewe kwamba katika koo zao mwanamume huitwa kwa Si- na mwanamke kwa Na-. Kaka ni Simukonda, dada ni Namukonda. Kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga. Mgeni akisoma daftari atadhani ni watu wa nyumba mbalimbali, kumbe wamenyonya titi moja. Wengi wameacha kumtafuta bibi yao kwa kuwa walimtafuta kwa jina la baba yake, hali yeye ameandikwa kwa jina la ukoo huo huo lenye mwanzo wa kike.

Mtego wa tatu ni umri. Mzee asemaye “nilizaliwa mwaka wa nzige” hasemi uwongo; asema tarehe kwa kalenda yake. Sotoka iliyoua ng'ombe ilipita katika miaka ya 1890. Vita vya Wajerumani vilianza 1914, na katika Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita karibu na Tunduma, likaishambulia Fife upande wa pili, kabla ya kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25 mwezi ule. Nyuma yake yakaja maradhi ya homa kuu. Nzige walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mtu akipanga mambo hayo kwa mfuatano, ataweza kumwuliza mzee, “Nzige walipokuja, ulikuwa ukichunga au umekwisha kuoa?” na kwa jibu lake atapata mwaka kwa karibu.

Lakini, wapendwa, kuna watu ambao vitabu havikuwaandika. Wapagazi wa vita ile, walioitwa tengatenga, walibeba mizigo ya pande zote mbili, wakafa wengi kwa njaa na maradhi njiani, na makaburi yao hayana majina. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi mno waliofia vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya. Kijiji kinachokumbuka jina la mpagazi wake mmoja kimehifadhi kitu ambacho serikali haikukihifadhi.

Na kuna waliotekwa. Kabla ya mwaka 1900 nchi hii kati ya maziwa mawili ilikuwa njia ya misafara ya watumwa na ya vita vya kutekana. Wanawake na watoto walishikwa, wakauzwa, wakatolewa fidia, wakatoroka, wakashikwa tena. Hapo kanisa la Moravian lilitufaa kwa desturi yake moja. Wamoravian tangu zamani huko Herrnhut walipenda kila mshiriki aache habari za maisha yake, zisomwe siku ya maziko yake. Basi mmisioni mmoja mwanamke, Elise Kootz-Kretschmer, aliketi na wanawake wazee akaandika habari zao kwa vinywa vyao wenyewe. Miongoni mwao ni Narwimba na Chisi. Mwaka 1993 mtaalamu wa historia Marcia Wright alizitoa habari hizo pamoja na za wengine katika kitabu kimoja, na leo husomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Wanawake wale hawakuwa na cheo wala mali. Twawajua kwa sababu walisimulia, na mtu akaandika.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Tunduma. Tulikwenda kumwamkia pamoja na mjukuu wake. Mwisho, baada ya siku mbili, alituambia sababu: aliogopa. Katika ujana wake watu waligombania shamba, na jirani mmoja alimtupia neno, “Wewe mjukuu wa aliyenunuliwa, una shamba gani hapa?” Tangu siku ile alilifungia jambo lile moyoni. Tulikwenda naye katika kanisa moja la wilaya ya Mbozi, tukaruhusiwa kutazama kitabu cha zamani. Jina la bibi yake lilikuwamo, na siku ya ubatizo wake. Mahali pa majina ya wazazi palikuwa na mstari mtupu. Mzee aliutazama mstari ule kwa muda mrefu bila kusema.

Lakini jina lake lilianza na Na-. Tulimwuliza shangazi mmoja mzee, Nakonde, ukoo ule wakaa wapi. Naye bila kusita alitaja kijiji, akatuhadithia habari za mtoto wa kike aliyetekwa akichota maji, ambaye mama yake alimtengea chakula kila jioni hata alipokufa. Je, ni yeye? Hatuwezi kuapa. Vitabu havikusema, na shangazi alisikia kwa mama yake. Lakini mzee alituambia, “Nilidhani bibi yangu aliuzwa na watu wake. Kumbe aliibwa, na alitafutwa.” Yule kijana sasa amejaza karatasi yake, na penye shaka ameandika “yasemekana,” kama tulivyomfundisha.

Basi twawaachieni shauri hili. Anzeni na wazee leo, maana daftari laweza kungoja lakini mzee hangoji. Andikeni jina la msimulizi na siku ya kusimulia. Kisha nendeni kwa kitabu cha kanisa kwa ruhusa na mikono safi. Jina msimalizie kwa kubuni. Mkikuta jambo la aibu, kumbukeni kwamba aibu ni ya aliyeteka, si ya aliyetekwa. Wala msilitangaze sokoni kabla ya kushauriana na ukoo. Na ninyi mliopata watoto, waandikisheni mapema, wapate vyeti vyao, ili mjukuu wa mjukuu wenu asikute mstari mtupu mahali palipostahili jina lenu.