Sakafu ya mbao za matabaka katika nyumba kuukuu za Shauri Moyo

MTAA wa Shauri Moyo, mashariki mwa jiji la Nairobi, ulijengwa na Baraza la Manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapa makao Waafrika waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani. Plastiki ya polithini iligunduliwa nchini Uingereza mwaka wa 1933, na wakati huo ilikuwa bado haijawafikia waashi. Hivyo basi, saruji ya sakafu katika nyumba za enzi hiyo ilimwagwa pasipo karatasi ya plastiki ya kuuzuia unyevu wa ardhi usipande juu.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatiwa na yeyote anayetaka kutandika mbao juu ya saruji hiyo. Wengi huanza kwa kuchagua rangi, ilhali kinachoamua iwapo sakafu itadumu au itafura baada ya masika mawili ni maji yasiyoonekana kwa macho.

Mbao za matabaka si ule ‘mkeka wa mbao’ unaouzwa kwa marobota mjini. Mkeka huo ni plastiki iliyochapishwa picha ya mbao. Ubao wa matabaka ni mti halisi: juu kuna ganda la mti mgumu, aghalabu lenye unene wa kati ya milimita 2 na 6, na chini yake matabaka ya plaiwudi yaliyogandishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na za jingine. Mpangilio huo huufanya ubao usitanuke wala kupinda sana kama ubao mzima. Hata hivyo, haumaanishi kwamba hauathiriwi na maji. Muuzaji asemaye vinginevyo asisikizwe.

Unyevu hupimwa kwa njia rahisi. Kata karatasi ngumu ya plastiki yenye ukubwa wa takriban mita moja mraba, itandaze juu ya saruji kavu, kisha uzibe kingo zote kwa tepe. Iache kwa siku moja hadi tatu. Ukiifunua na kukuta matone ya maji upande wa chini, au saruji imebadilika rangi, usitandike mbao. Ni vyema kurudia kipimo hicho wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, kwani sakafu iliyo kavu mwezi wa Februari huenda ikawa chepechepe mwezi wa Aprili.

Chanzo cha unyevu kinaweza kuwa bomba linalovuja, mtaro ulioziba nje ya ukuta au ardhi yenyewe. Bomba na mtaro hurekebishwa. Ikiwa ni ardhi, itabidi saruji ipakwe dawa ya kuzuia maji. Gharama hiyo ikishinda uwezo, ni heri kubaki na saruji au kuweka vigae. Fedha za mbao huenda bure zikiwekwa juu ya sakafu inayotoa jasho.

Isitoshe, nyumba za zamani za mtaa huo ni za upangaji, na tangu mwaka wa 2013 zimekuwa chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliyorithi mali ya baraza la jiji. Mpangaji anafaa kuomba idhini kabla ya kubadilisha sakafu. Ndiyo maana njia ifaayo hapa ni ya kutandika mbao zikielea, yaani bila kuzigandisha wala kuzigongomea misumari kwenye saruji. Siku ya kuhama, au nyumba ikibomolewa ili kujengwa upya, mbao zinaweza kung'olewa na kwenda na mwenyewe.

Mbao zikishafika nyumbani, ziache zilale chumbani humo zikiwa ndani ya makasha yake kwa saa 48 hadi 72 ili zizoee hewa. Wakati huo, pitisha ubao mnyoofu wa mita 2 juu ya saruji. Palipo na bonde la zaidi ya milimita 3 pajazwe lipu. Lipu mpya nayo huhitaji kukauka. Kanuni ya mafundi ni takriban siku moja kwa kila milimita ya unene. Kisha tandaza karatasi ya plastiki, na juu yake sifongo nyembamba ya sakafu.

Pima chumba kabla ya kukata chochote. Chukulia chumba chenye upana wa mita 2.9 na mbao za upana wa milimita 190. Ukiacha nafasi ya milimita 10 kila upande, zitaingia safu 15 nzima na kubaki milimita 30, kipande chembamba mno. Afadhali safu ya kwanza na ya mwisho zikatwe ziwe za milimita 110 kila moja, na katikati ziwe safu 14 nzima.

Nafasi hiyo ya ukutani isijazwe saruji wala gundi, kwa kuwa ndimo mbao hutanukia. Huwekwa kabari wakati wa kazi, kisha hufunikwa kwa ubao wa ukingo uliopigiliwa ukutani, si sakafuni. Viungo vya safu mbili zinazopakana viachane kwa angalau milimita 300. Ulimi wa ubao ugongwe kwa kutumia kipande cha mti, kwani nyundo ikiugusa moja kwa moja huuvunja. Nunua asilimia 10 ya ziada kwa ajili ya vipande vitakavyoharibika.

Jikoni na bafuni mbao hizi hazifai. Sebuleni, jiko la makaa lisiwekwe juu yake hata kwa muda mfupi, na desturi ya kupiga deki kwa ndoo ya maji haina budi kuachwa: ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa vyatosha. Ganda la juu likiwa na milimita 3 au zaidi, fundi anaweza kulipiga msasa na kulipaka vanishi upya likichakaa. Lililo chini ya milimita 2 halistahimili msasa.

Mafundi seremala hawakosekani karibu na soko la Gikomba. Kabla ya kuelewana bei, mwombe fundi akueleze atakavyopima unyevu. Akianza kwa kukuuliza rangi, mtafute mwingine.